Maji Kujaa na Kupwa, na Amana ya Nahodha

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Amma baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, watu wa pwani! Chombo kipandapo mwamba, watu husema: Ni kadari ya Mungu. Neno hili ni kweli, wala hapana liwalo ila kwa kadari yake. Lakini nahodha aliyetweka tanga bila kuyatazama maji halisemi kwa imani. Alisema kwa kutafuta udhuru. Yule aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, aliamrishwa afunge, kisha ategemee. Na kamba ya nahodha ni ilimu ya maji.

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura ya Yunus kwamba ameukadiria mwezi vituo vyake, ili tujue hesabu. Na bahari yafuata hesabu hiyo. Mwezi uandamapo, na upevukapo, jua na mwezi huvuta pamoja, na baada ya siku moja au mbili huja bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wao hupingana, yakafuata maji mafu. Bandarini Unguja maji ya bamvua huweza kupanda kadiri ya mita 4. Maji mafu hayafiki nusu ya hizo. Na kila siku maji hukawia kadiri ya dakika 50 kuliko jana.

Wala hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hukugawa kupanda kwake mafungu 12: saa ya kwanza fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Basi yakiwa mita 4, katika saa ya tatu peke yake hupanda mita nzima. Na kupwa ni vivyo hivyo. Akawiaye saa moja katikati ya kupwa aweza kukuta mwamba pale alipoacha kilindi.

Leo viko vitabu vya chapa vyenye saa na kimo cha maji kwa kila siku, na ramani zionyeshazo mkondo wendako, saa kwa saa. Tusivipuuze kwa kudhani ni mambo ya wageni. Al-Kindi aliandika risala juu ya kujaa na kupwa katika karne ya 9, na Ahmad ibn Majid aliandika kitabu chake cha ubaharia karibu na mwaka 1490.

Lakini asomaye na awe na hadhari. Vitabu hivyo huhesabu saa tangu usiku wa manane. Siku ya bamvua Unguja, kitabu chaweza kuandika kwamba maji yatajaa saa 4, nayo kwetu ni saa 10 ya alfajiri. Atakayeingia mlangoni saa 4 ya asubuhi atayakuta yamepwa, na miamba i wazi. Kwani tofauti ya saa zetu ni 6, na baina ya kujaa na kupwa ni saa 6 na kitu. Tena mkondo haugeuki kila mahali pamoja na maji, itazameni ramani. Na upepo mkali huweza kuyabadili yaliyoandikwa. Basi bildi isiwekwe kando.

Ndugu zangu, abiria hakuhesabu maji, amekuaminini ninyi. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Kungoja maji si uoga, wala kumwuliza mjuzi si aibu. Hesabuni, mtazame, kisha semeni Bismillahi, mtweke.

Ewe Mola wetu, wahifadhi wasafirio baharini, uwarejeshe kwa watoto wao salama. Amin.

Wassalamu alaikum.