Ahadi ya Hadithi Isiyo Mwisho

Binadamu huikimbia hofu mchana kutwa, na usiku akaketi akaomba asimuliwe habari za mazimwi. Watoto wa kila nchi hufanya hivyo, na bibi zao hawawanyimi. Ajabu haimo katika utoto huo. Ajabu ni kuwa mtu mzima, mwenye kazi na mwenye kulipa kodi ya nyumba, aweza kuitafuta hofu hiyo kila mwezi kwa muda wa miaka kumi na sita, akailipia fedha, na akahuzunika siku ilipokwisha. Watu wa namna hii, wapenzi wa katuni za kutisha, hutajwa mara nyingi kwa dhihaka, kana kwamba shauku yao ni ugonjwa wa akili changa. Dhihaka ni mizani mbovu. Ndani ya shauku hiyo lipo swali la haki ambalo si dogo hata kidogo: mtunzi na msomaji wake mwaminifu hudaiana nini?

Kisa kimoja chafaa kulipima swali hili kuliko vingine. Mwezi wa Oktoba 2003 kampuni ya Image Comics ya Marekani ilitoa toleo la kwanza la katuni iliyoitwa The Walking Dead, yaani wafu watembeao. Mtunzi alikuwa Robert Kirkman, kijana wa jimbo la Kentucky ambaye hakuwa ametimiza bado miaka ishirini na mitano. Matoleo sita ya kwanza yalichorwa na Tony Moore, rafiki yake wa tangu shuleni; kuanzia la 7, katika mwaka 2004, kalamu ilishikwa na Mwingereza Charlie Adlard, naye hakuiweka chini mpaka mwisho. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Askari polisi Rick Grimes azinduka hospitalini baada ya kupigwa risasi, akuta dunia imekwisha kutekwa na maiti wenye njaa, akaanza safari ya kuitafuta jamaa yake.

Maiti hao wazito wa mwendo hawakuwa uvumbuzi wa Kirkman. Walitoka katika filamu ya George Romero ya mwaka 1968, Night of the Living Dead, na wala hakuficha mkopo huo. Jambo lake mwenyewe lilikuwa lalamiko. Filamu za namna ile, alisema, zina aibu moja: huisha. Mtazamaji huwaacha walionusurika katikati ya njia, asijue kesho yao. Basi akatangaza nia ya kutunga hadithi ya kutisha isiyokoma, imfuate mtu mmoja mwaka hata mwaka, imwone akibadilika. Nia si ahadi, mwanasheria atasema. Lakini msomaji aliyempenda mtunzi aliisikia kama ahadi, na katika mapenzi lililosikiwa huwa na nguvu kuliko lililosemwa.

Jina la katuni hiyo lilikuwa limewahi kufungwa. Katika mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu Seduction of the Innocent, akizishtaki katuni kuwa huharibu vijana, na baraza la Senate la Marekani likafanya kikao cha kuzichunguza. Wachapishaji waliogopa. Mwaka ule ule wakajitungia kanuni kali iliyokataza maneno ya kutisha katika vichwa vya katuni, na iliyokataza kwa kuwataja wanyonya damu, wala watu, na wafu watembeao. Kanuni ilifunguliwa kidogo katika 1971, ikazidi kuchakaa, na katika 2011 wachapishaji wa mwisho wakaiacha. Image haikuwa chini yake. Shtaka la Wertham halihitaji maneno mengi hapa, maana miaka haikumpa haki. Ila aliona jambo moja ambalo watetezi wa katuni hupenda kulipita haraka, kwamba mwenye kununua picha ya ukatili hana budi kujiuliza ananunua nini. Swali hilo litarudi.

Shabiki wa kweli wa The Walking Dead hakuwa mpenzi wa maiti. Baada ya miaka michache ya mwanzo maiti walikwisha kuwa kama mafuriko na ukame: hatari ya kila siku ambayo watu walijifunza kuishi nayo. Kilichomrudisha dukani kilikuwa walio hai. Aliwaona wakichoka, wakikosea, wakiota mvi. Alimwona Carl, mwana wa Rick, akikua kutoka mtoto mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake. Na alipoteza. Katika toleo la 28 Rick alikatwa mkono, na mkono haukuota tena kwa hila ya mtunzi. Katika toleo la 48, mwaka 2008, mkewe Lori aliuawa pamoja na mtoto mchanga aliyekuwa kifuani mwake. Katika toleo la 100, Julai 2012, Glenn, kijana mchangamfu aliyekuwamo tangu matoleo ya kwanza, alipondwa kichwa mbele ya wenzake kwa gongo la mchezo wa besiboli lililozungushiwa seng'enge. Wako wasomaji walioapa kuwa hawatanunua tena. Mwezi uliofuata walikuwa dukani.

Wanaowacheka watu hawa hawaelewi mapatano yaliyopo. Hadithi ya kutisha ambamo hafi mtu apendwaye ni hofu ya bandia, na shabiki aijua bandia kama mfanya biashara wa nazi aijuavyo koroma. Ili aogope kweli lazima awe na kitu cha kupoteza, na lazima mtunzi awe na ruhusa ya kukichukua. Basi ushabiki wa aina hii ni ruhusa: msomaji humkabidhi mgeni haki ya kumwumiza, akamwamini kuwa hatamwumiza bure. Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazadi alisimulia ili kifo kiahirishwe. Maadamu hadithi iliendelea shingo yake ilikuwa salama. Kirkman aliugeuza mpango huo. Kwake hadithi iliendelea kwa kuwa watu walikufa, na kila kifo kilimhuzunisha msomaji na kumthibitishia kuwa mapatano yamo.

Uaminifu huu ulijengwa juu ya uwongo. Kirkman mwenyewe amesimulia kuwa wakuu wa Image walisita kuipokea katuni ya maiti watupu. Basi akawaambia kuwa maiti wamefufuliwa na viumbe wa sayari nyingine, wanaotaka kuidhoofisha dunia kabla ya kuivamia, na kwamba siri hiyo itafunuliwa baadaye. Viumbe hao hawakuwako. Katuni ilipopata wasomaji, alikiri. Katika toleo la 75, mwaka 2010, aliweka kwa mzaha hadithi fupi ya rangi yenye viumbe wale, kama mdeni anayemlipa mdai wake kwa fedha ya karatasi ya kuchezea watoto. Wenyeji husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikwenda miaka kumi na sita, nao waliodanganywa walipata faida kubwa. Labda ndiyo sababu walicheka.

Uwongo wa pili haukuchekwa na wote. Mwezi wa Juni 2019, katika toleo la 192, Rick Grimes alikufa kwa risasi chumbani mwake, mkononi mwa kijana mwoga aliyekasirika kwa kupoteza cheo cha mamaye. Wasomaji walijiandaa kuona hadithi ikiendelea bila yeye. Orodha za mchapishaji zilikwisha kutangaza matoleo yaliyofuata, pamoja na picha za majalada yake. Jumatano tarehe 3 Julai toleo la 193 likafika madukani, nene karibu mara tatu ya desturi, kwa bei ile ile. Lilikuwa la mwisho. Majalada yale yalichorwa kwa ajili ya matoleo ambayo hayakuwako wala hayakukusudiwa. Katika barua aliyoichapa mwishoni, Kirkman alieleza kuwa katika hadithi hii kifo hakikutangulia kupiga hodi, na kwamba hadithi yenyewe ilistahili kufa kwa namna ile ile.

Ahadi ni deni. Mtu aliyetamka nia ya hadithi isiyokoma, akalipwa kila mwezi kwa ajili ya nia hiyo, kisha akaikata kwa hila, aweza kusemwa kuwa amekula deni. Shabiki aliyelalamika hivyo alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini alalamike huku akikumbuka alichoomba. Aliomba hofu ya kweli. Na hofu ya kweli haina ratiba. Kama angaliambiwa mwaka mmoja mbele kuwa mwisho waja, angalisoma matoleo yale kumi na mawili kama mtu anayekaa kando ya kitanda cha mgonjwa aliyekwisha kukatiwa tamaa, akihesabu siku, na hofu ingaligeuka kuwa subira. Alidanganywa katika jambo lile lile alilotoa ruhusa adanganywe. Mwenye kuingia kiwanja cha mweleka hamshtaki mwenzake kwa kumwangusha.

Watu wengine hawakuingia kiwanjani. Katika biashara ya katuni ya Marekani mwenye duka dogo huagiza nakala miezi miwili au mitatu kabla, na kwa kawaida akibakiwa na mali hairudishwi. Huagiza kwa kuitegemea orodha. Kwake orodha si hadithi. Ni hesabu ya mkate wa watoto wake. Toleo la mwisho la katuni mashuhuri kama ile lingaliuzwa kwa wingi, naye aliagiza kama mwezi wa kawaida, akajikuta anawarudisha wateja mikono mitupu. Mtu huyu hakutoa ruhusa ya kutishwa. Aliambiwa uwongo kama mfanya biashara na mfanya biashara mwenzake, na uzuri wa mwisho wa hadithi hauufuti uwongo huo. Katika mwaka 2020, tauni ilipofunga maduka, Kirkman alitoa toleo la ziada, Negan Lives, likapelekwa bure kwa wenye maduka ili wauze na fedha yote ibaki kwao. Halikutolewa kwa jina la fidia, na halina haja ya kuitwa hivyo. Walakini hesabu ya deni huwa na safu mbili, nayo iandikwe katika safu yake.

Lililomo ndani ya toleo la 193 halikuzungumzwa kama ilivyostahili, kwa sababu kelele za mwisho ziliyafunika maneno yake. Miaka mingi imepita. Dunia ina amani, maiti wamekuwa adimu, na watoto wanakua bila kuwaona. Hershel, kijana aliyezaliwa baada ya taabu kubwa, anamiliki maiti wachache na kuwazungusha mji hata mji, watu wakilipa kuwatazama. Carl, ambaye sasa ni baba, amwua mmoja aliyefika penye nyumba yake, akashtakiwa kwa kuharibu mali ya mtu. Mali! Baadaye awaua na wengine, akasimamishwa mbele ya Michonne, aliyepigana zamani ubavuni mwa baba yake na sasa ni hakimu, naye hakumfunga. Hershel hakuchorwa kama mwovu. Yeye ni kijana wa kizazi ambacho hofu haikukigusa, na asiyeguswa na hofu huiona hofu ya wengine kuwa tamasha.

Ni nani aliyelipa miaka kumi na sita kuwatazama maiti wakizungushwa? Msomaji aliyeishika karatasi ile mkononi hakuwa na pa kujificha. Hapa lile swali la 1954 lilirudi, safari hii likiulizwa na mtu aliyeipenda katuni badala ya kuichukia. Kama Kirkman angaliendelea miaka kumi tena, kama fedha ilivyomshauri na kama mashabiki walivyotaka, angalikuwa Hershel, na wao wangalikuwa umati wa hema. Tamthilia ya televisheni iliyozaliwa na katuni hiyo katika 2010 iliendelea mpaka Novemba 2022, na baada yake zikatoka nyingine zenye mabaki ya watu wale wale. Wapo wanaozipenda. Hema lile halijakunjwa.

Shabiki wa kitabu alibaki na rafu yake. Tangu Oktoba 2020 matoleo yale ya zamani yalianza kuchapwa upya kwa rangi, kuanzia la kwanza, na wako waliokuwa nayo yote nyumbani ambao waliyanunua tena. Sasa walijua kila kitu: mkono utakatwa wapi, Lori ataanguka katika ukurasa gani, Glenn atasema nini mwisho. Hofu ya kutojua haikuwapo tena. Waliufungua ukurasa taratibu, wakamkuta Glenn amesimama, mzima, kofia kichwani, akimwonyesha Rick njia ya kutoka katika mji wa Atlanta.