Maji Yakimwagika

Wahenga wametuachia usemi kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hutumika kumliwaza aliyepatwa na hasara, na hapo hauna ubaya. Lakini nathubutu kusema kwamba una mtego ndani yake: humfanya mtu akunje mikono pale ambapo dakika moja ingeokoa mengi.

Tuchukue mfano wa kompyuta mpakato, chombo ambacho siku hizi kimefika hata huku kwetu Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa. Ikimwagikiwa chai, kinachoiharibu upesi ni maji kukutana na umeme. Kwa hiyo, kwanza, izimwe papo hapo kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia. Waya uchomolewe kwa mikono mikavu, na betri itolewe kama inatoka. Pili, ifunuliwe na kupinduliwa mfano wa paa la nyumba, ili maji yatoke kwa njia yaliyoingilia. Isianikwe juani wala kuwekwa karibu na moto. Kuifukia ndani ya mchele hakusaidii, bali huingiza vumbi. Chai yenye maziwa na sukari ni mbaya kuliko maji matupu, kwani ikikauka huacha utando unaonata na kutafuna viungo vya ndani. Hiyo yataka fundi aifungue na kuisafisha.

Tatu, na ndilo gumu kuliko yote, isiwashwe. Moyo hudai kujua mara moja kama ni nzima au imekufa, na kule kujaribu ndiko kunakoiua. Mkulima wa kahawa wa Mbinga anaelewa jambo hili. Kahawa huonekana imekauka kwa juu, kumbe punje ndani ingali na maji; akiifungia guniani kwa haraka, itaota ukungu.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Niliwahi kushuhudia katika chuo kimoja cha ualimu mwanachuo aliyemwaga chai juu ya kompyuta ya chuo. Aliifuta kwa juu, akairudisha kabatini, akanyamaza. Kesho yake mwenzake asiyejua lolote akaiwasha, na ikawa ndio mwisho wake. Je, ni chai iliyoiua, au ni kimya?

Mimi naona ni kimya. Lakini kimya hicho nacho kilikuwa na mzazi. Kijana yule alikwisha kuona mwenzake aliyevunja kifaa akiaibishwa mbele ya wote na kutozwa gharama yote, ingawa alikuwa amekwenda kusema mwenyewe. Alijifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kulifundisha.

Wapo watakaosema kwamba tukimsamehe kila anayekiri, tutalea uzembe. Hoja hiyo ina uzito. Aliyekatazwa kuweka kikombe mezani akakiweka, alipe sehemu ya hasara. Lakini aliyesema mapema asilipe sawasawa na aliyeficha, maana wa kwanza ametupa nafasi ya kuokoa chombo, na wa pili ametunyang'anya. Tukiwatoza sawa, tumewafundisha vijana kwamba ukweli hauna faida yoyote.

Basi, ndugu msomaji, mtoto akikujia mbio kusema, "Babu, nimemwaga," usianze kwa kuuliza nani alimruhusu kuishika. Mwambie azime. Mengine mtayazungumza ikiwa imepinduliwa na inachuruzika.