Shukrani ya Desemba

Yapo maneno ambayo watu huyasema kwa sababu siku yake imewadia, wala si kwa sababu yamewajaa moyoni. Ninaye jirani ambaye kwa mwaka mzima hatusemezani kwa ajili ya mpaka wa ua. Siku ya Idi hunijia mlangoni amevaa kanzu mpya, hunitakia heri, nami humjibu kwa heri. Je, sote wawili ni wanafiki?

Swali hili lilinirejea nilipokuwa nikisoma kumbukumbu za mijadala ya Bunge la Uingereza. Kila Desemba, kabla ya wabunge kutawanyika kwa Krismasi, huwekwa mjadala usiokuwa na mshindi. Kila mmoja hueleza haja za watu wake: hospitali, barabara, basi lililoacha kupita kijijini. Kisha humshukuru Spika, makatibu, waandishi wa kumbukumbu, mabawabu, wapishi na wafagizi, na mwisho huwatakia Krismasi njema hata wale aliokuwa akiwashambulia tangu Januari.

Msomaji mwenye haraka atasema kuwa huo ni mchezo wa wakubwa. Lakini na akumbuke haya. Jo Cox, mbunge wa chama cha Labour, aliuawa tarehe 16 Juni 2016 alipokuwa akienda kuonana na watu wa jimbo lake. Askari Keith Palmer aliuawa tarehe 22 Machi 2017 akililinda Bunge lenyewe. David Amess, wa chama cha Conservative, aliyekuwa hodari wa mijadala hiyo ya kuagana, na asiyechoka kuomba Southend ipewe hadhi ya jiji, alichomwa kisu tarehe 15 Oktoba 2021 akiwasikiliza wananchi. Hadhi ile ilipatikana mwaka 2022, yeye akiwa kaburini. Baada ya hayo, kumshukuru mlinzi wa mlango na kumtakia hasimu wako mwaka mwema si maneno mepesi tena.

Ama unafiki, ni kuonyesha usichokuwa nacho ili mwenzio adanganyike. Katika salamu za Desemba hadanganyiki mtu; kila upande unajua kwamba Januari vita vya hoja vitaendelea. Kinachokiriwa ni jambo dogo lakini zito: wewe ni mpinzani wangu, si adui yangu, na nyumba hii ni yetu sote.

Lakini ungamo ni deni, na deni hujulikana siku ya kulipwa. Tarehe 28 Machi 1979 serikali ya James Callaghan ilikabiliwa na kura ya kutokuwa na imani nayo. Alfred Broughton, mbunge wa upande wa serikali, alikuwa mahututi. Walter Harrison, naibu mnadhimu wa serikali, alimwendea Bernard Weatherill, mwenziwe wa upinzani, kumkumbusha ahadi yao kwamba mgonjwa wa upande mmoja hufidiwa kwa mtu wa upande wa pili kutopiga kura. Weatherill alijibu kuwa ahadi ile haikukusudiwa kura nzito kama hii, na kwamba hapana mbunge wa chama chake atakayekubali. Hata hivyo, kwa kuwa aliona ni aibu kuvunja neno lake, alijitolea yeye mwenyewe asipige kura. Harrison alijua kwamba jambo hilo lingemmaliza mwenziwe katika siasa. Akamwachilia. Serikali ikaanguka kwa kura 311 dhidi ya 310, na Broughton akafariki siku chache baadaye.

Je, Harrison alifanya haki? Waliompa kura wangeweza kumwambia: umetuuza kwa ajili ya urafiki. Nimelipima neno hili kwa muda mrefu, nami siwezi kulipuuza, kwani adabu baina ya wakubwa mara nyingi hugeuka kuwa njama dhidi ya wadogo. Hata mfagizi anayeshukuriwa kwa maneno matamu anayo haki ya kuuliza juu ya ujira wake. Lakini naona kwamba Harrison hakumpa mwenziwe kitu kilichokuwa cha wananchi. Alikataa kushinda kwa kulifanya neno la mtu mwaminifu kuwa kitanzi chake. Bunge ambalo ndani yake uaminifu ni hasara tupu halitabaki na wa kuaminiwa, na hapo watakaoumia kwanza ni hao hao wadogo.

Basi salamu ya Idi hainilazimu kumwachia jirani yangu ua wangu, wala yeye haimlazimu kunyamaza. Tutakwenda kwa sheha, na kila mmoja ataleta mashahidi wake. Inachonilazimu ni kutotoka usiku, yeye amelala, nikaenda kuusogeza mpaka.