Je, Kunakili ni Kuiba?

Wazee wetu wa Ufipa walikuwa na desturi kwamba mtu ambaye moto wake umezimika alikwenda kwa jirani kuomba kaa. Jirani hakumnyima, kwa maana moto ukigawanywa haupungui. Debe la mahindi ni jambo jingine, kwa kuwa atoaye debe hubaki na upungufu wa debe. Siku hizi vijana wetu wa Sumbawanga watuuliza swali gumu: wimbo au kitabu kilichomo ndani ya simu ni kama moto, au ni kama mahindi? Tukinakili cha mwenzetu, naye akabaki nacho kizima, tumemwibia nini? Swali hili halifai kujibiwa kwa ukali tu. Yatupasa kwanza tujue jambo lenyewe lilivyo.

Wengi wetu twajua kugawana kwa karibu, simu kwa simu, au kwa kadi ya kumbukumbu ijazwayo nyimbo dukani. Lakini iko njia nyingine ipitayo katika intaneti, ifikayo mbali zaidi. Kwa kawaida mtu atakaye faili huiomba kwa kompyuta kubwa iliyo ghala ya wote, kama watu wachotao maji katika kisima kimoja. Katika njia hii ya mtu kwa mtu faili hazikai ghalani. Kila kompyuta ni mwombaji, tena ni mtoaji. Mwaka 1999 ilitokea Marekani programu iitwayo Napster. Orodha ya nyimbo ilikaa mahali pamoja, bali nyimbo zenyewe zilikaa katika kompyuta za watu. Makampuni ya muziki yakaishtaki, na mwaka 2001 ikafungwa baada ya amri ya mahakama. Mwaka ule ule Bram Cohen alitoa njia iitwayo BitTorrent, itumikayo hata leo. Hapo faili hukatwa vipande vingi vidogo. Mtu hupokea kipande hiki kwa huyu na kile kwa yule, na papo hapo huwapa wengine vile alivyokwisha kuvipata. Kila kipande kina alama yake itokanayo na hesabu, ili kilichoharibika njiani kitambulikane na kutupwa. Basi waombaji wakizidi, na watoaji huzidi. Kazi huwa nyepesi kama kuinua matuta ya shamba kwa ushirika.

Njia hii si mbaya kwa asili yake. Wako watungaji wa programu za Linux ambao wametoa kazi yao bure kwa watu wote, nao huieneza kwa njia hii kwa hiari yao. Hapo hapana dhambi, ila shukrani.

Lakini hatari zake si haba. Kwanza, walio katika kugawana faili moja huweza kuona anwani ya intaneti ya kila mwenzao. Adhaniye kwamba amejificha hakujificha. Pili, jina la faili laweza kusema sinema, na ndani yake mna programu ya kudhuru iibayo maneno ya siri. Wala ile alama ya hesabu haitamwokoa mtu, kwa kuwa huthibitisha tu kwamba kipande ni kile kile kilichotolewa. Haithibitishi kwamba aliyekitoa ni mwema. Watu husema jina la mji wetu maana yake ni kutupa uchawi; basi na tuogope pia madhara haya yatendwayo gizani. Tatu, zimo programu ambazo mtu asipoangalia huwafungulia wageni sanduku zima la faili zake. Ndugu waalimu, fikirini kompyuta ya usharika: mna daftari ya ubatizo, majina ya watoao sadaka, na barua za nyumba zenye msiba. Wahenga walisema kweli: mla cha mwenziwe, na chake huliwa.

Tena kuna jambo wengi wasilolijua. Kwa kuwa apokeaye hutoa papo hapo, aliyetaka kusikiliza tu amekwisha kuwa mwenezaji. Nayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya nchi yetu huilinda kazi ya mtungaji maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Sasa turudi kwenye moto na mahindi. Kwaya moja tuijuayo ilichanga fedha za mavuno ya maharage, ikasafiri mpaka Mbeya kurekodi nyimbo zake. Kabla deni la safari halijalipwa, nyimbo zote zilikuwa katika simu za watu, mjini na vijijini. Waimbaji wakasifiwa kila mahali, na deni likabaki mikononi mwao. Nasi, tulio mchungaji wao, tulizikuta katika simu yetu wenyewe. Kijana mmoja alitupa, tukasikiliza kwa furaha, wala hatukuuliza zimetoka wapi.

Wengine husema: nisingalinunua hata hivyo, maana sina fedha, basi hakupata hasara kwangu. Neno hili lina kweli ndani yake, tusilidharau. Si kila anakiliye angalikuwa mnunuzi. Walakini walikuwamo wenye fedha, nasi tulikuwa miongoni mwao. Moto wa jirani ulimgharimu kuni chache. Wimbo ule uliwagharimu mavuno. Tena hata moto huombwa mlangoni. Hakuna aingiaye usiku kuuchukua jikoni.

Mwaka 1525 Martin Luther alilalamika kwa maandishi kwamba sehemu ya kazi yake iliibwa katika nyumba ya uchapaji, ikachapwa mji mwingine. Yeye hakupokea malipo kwa vitabu vyake, lakini aliona ya kuwa mchapaji aliyegharimika ametiwa hasara, na ya kuwa maneno yametoka yenye makosa. Basi amri ya saba haihesabu tu kilichopungua ghalani. Huuliza pia habari ya jasho la mwenzetu, na kama tulimwomba.

Kwa hiyo twawashauri hivi. Kilichotolewa bure na mwenyewe, kipokeeni na kukigawa kwa moyo mweupe. Kisichojulikana ni cha nani, ulizeni kwanza. Kwaya nazo ziseme wazi kama zaruhusu kunakiliwa au la. Kompyuta yenye daftari za usharika isitumiwe kamwe kwa kugawana faili na wageni. Nasi tulikwenda kwa mweka hazina wa kwaya ile, tukalipa bei ya nyimbo zile. Alicheka, akasema hakuna mtu aliyepata kumjia kwa neno kama hilo. Tuliona haya, kwa maana nyimbo zile twazisikia karibu kila nyumba tuingiayo.