Mji Utakaouchagua: Neno kwa Vijana Wanaohama na kwa Wazazi Wao

Somo: Mwanzo 13:1-18



Mavuno yakiisha, na tena mwanzoni mwa mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, stendi za Mbulu, Haydom, Dongobesh na Katesh hujaa vijana wenye mabegi. Mmoja anakwenda Arusha, mwingine Dodoma, mwingine Dar es Salaam, na mwingine hajui atashukia wapi, ila nauli yake yamfikisha Babati. Wazazi wengine huwasindikiza kwa sala. Wengine huamka asubuhi wakakuta kitanda kitupu. Kwa kuwa jambo hili lagusa karibu kila nyumba katika wilaya zetu mbili, tumeona vema tulitafakari pamoja kwa nuru ya Neno la Mungu: je, kijana Mkristo auchagueje mji wa kwenda kuishi?

KUHAMA SI DHAMBI

Yafaa tuanze na hili, maana wako wazee wanaomhesabu kila kijana anayeondoka kuwa amepotea. Wazee hao na wakumbuke walikotoka. Wairaki waliishi kwanza katika nchi ndogo ya juu, Mama Isara, huko Kainamu, iliyozungukwa na makorongo na miteremko mikali. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, na hasa katika karne ya 20, nchi ile ilipowabana walitoka wakaenea Mbulu, Dongobesh, Karatu na hata Hanang. Karibu kila shamba tunalolima leo nje ya Mama Isara lilifunguliwa na kijana aliyeaga nyumbani kwao.

Wengine hawakuchagua. Ndugu zetu Wabarabaig wanakumbuka mpango wa ngano ulioanza miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada. Shirika la NAFCO lilitwaa ekari zipatazo 100,000 za uwanda wa Basotu, nazo zilikuwa malisho yao bora. Kijiji cha Mulbadaw kilipeleka madai yake mahakamani katika miaka ya 1980. Tena tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang vikafunika sehemu za Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Waliopona walihama kwa sababu nyumba haikuwapo tena. Basi anayepata nafasi ya kuchagua mahali pa kwenda, na aione nafasi hiyo kuwa ni neema, wala asiitumie ovyo.

Sababu za kuondoka tunazijua sote. Kwa hesabu ya mwaka 2012 mkoa wetu wa Manyara ulikuwa na watu wapatao milioni 1.4, mwaka 2022 walikuwa karibu milioni 1.9. Watu wameongezeka, wala mlima haukusogea kutuachia nafasi. Baba mwenye ekari sita na wana watano anajua mwenyewe kila mmoja atapata nini. Kumwambia kijana abaki, pasipo kumwonyesha atakula nini, ni maneno matupu.

LUTU ALICHAGUAJE?

Twasoma kwamba Abramu na Lutu walikuwa na mifugo mingi hata nchi isiweze kuwatosha, na wachungaji wao wakagombana. Habari hii haihitaji mkalimani kwa mtu wa Basotu au wa bonde la Yaeda. Abramu, aliyekuwa mkubwa na mwenye haki ya kuchagua kwanza, akamwachia mdogo wake nafasi hiyo. Lutu akatazama bonde la Yordani, akaona maji mengi na majani mabichi, akaenda.

Tuangalie vizuri alipokosea. Kutafuta maji kwa ajili ya mifugo si kosa. Kila mfugaji hufanya hivyo. Lakini katika sura nzima hatusomi kwamba Lutu aliuliza juu ya watu wa mahali pale, hatusomi kwamba alimwomba ami yake shauri, wala hatusomi kwamba alijenga madhabahu. Macho yake yalimtosha. Abramu naye alipofika Hebroni alimjengea Bwana madhabahu, kama tunavyosoma katika aya ya mwisho ya somo letu.

Tena tuangalie hatua za Lutu. Katika sura ya 13 hema yake iko karibu na Sodoma. Katika sura ya 14 anakaa ndani ya Sodoma. Katika sura ya 19 ameketi langoni, mahali pa wenyeji. Hakuamka siku moja akaamua kuwa mtu wa Sodoma. Alisogea kidogo kidogo. Nao Waraka wa Pili wa Petro watufundisha kwamba Lutu alikuwa mtu mwenye haki, na roho yake iliumia siku zote kwa aliyoyaona. Twajifunza kwamba hata mtu mwema aweza kuteswa na mji aliouchagua mwenyewe kwa macho tu.

MAJI YA BONDE LA SIKU HIZI

Na sisi leo twaona mabonde yenye maji. Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 273,000 mwaka 1967. Mwaka 2022 mkoa huo ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3. Penye watu wengi pana biashara nyingi, lakini pia wanaotafuta kazi ile ile unayoitafuta ni wengi, na chumba ni ghali. Arusha iko karibu, nao watalii huleta fedha. Lakini mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia wageni, wapishi, madereva na wapagazi wengi walikaa bila kazi. Anayekwenda Arusha kwa ajili ya utalii na ajue kwamba riziki yake yategemea ndege zinazotoka mbali, basi ajifunze na ufundi wa pili.

Dodoma ilitajwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini ni tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu, na mwaka 2018 ikatangazwa kuwa jiji. Sasa lami yatoka Babati hadi huko kupitia Kondoa, na fundi wa kweli, awe mwashi, seremala au fundi umeme, hupata pa kuanzia penye majengo mapya. Mirerani nako, katika mkoa wetu huu, huwavuta vijana kwa tanzanaiti. Wako waliopata, na wako waliobaki chini ya ardhi: mafuriko ya mwaka 1998, na tena ya mwaka 2008, yaliwaua wachimbaji wengi ndani ya mashimo yao.

Tena kuna miji midogo, ambayo vijana huidharau. Lutu, Sodoma ilipokuwa inaangamia, aliomba akimbilie Soari, mji mdogo, na Mungu akamkubalia. Mji mdogo waweza kuwa wokovu wa mtu. Hospitali ya Walutheri ya Haydom ilipoanza mwaka 1955, mahali pale hapakuwa mji. Leo ni mji wenye maduka, shule na kazi, uliokua kuizunguka hospitali. Walioanza nao mapema sasa wana viwanja. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kabla hujatoka kwenda kupanga chumba Dar es Salaam, tazama kama Katesh, Babati au Dongobesh hapana kazi inayongoja mtu mwenye ufundi.

MASWALI MANNE

Kijana, kabla hujakata tiketi, jiulize maswali haya, tena ujibu kweli.

La kwanza: ninakwenda kufanya kazi gani? Kusema "nitatafuta" si jibu. Jifunze kwanza kazi ya mikono yako hapa, au katika chuo cha ufundi stadi cha VETA, ili uingie mjini na kitu cha kuuza. Weka akiba ya kukulisha miezi mitatu, pamoja na nauli ya kurudi. Nauli ya kurudi usiiguse.

La pili: nani atanipokea? Jina na namba ya simu havitoshi. Mtu huyo na ajulikane na wazazi wako. Hapa tunasema kwa uzito juu ya binti zetu. Wako watu wanaokuja vijijini wakiahidi shule na mshahara mzuri, nao huwachukua wasichana wadogo kwenda kufanya kazi za nyumbani katika miji ya mbali, ambako wengine hufanya kazi tangu alfajiri hadi usiku pasipo mshahara wala ruhusa ya kwenda kanisani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na aliye chini ya miaka 14 haajiriwi. Mzazi anayemtoa binti wa miaka 12 kwa sababu ya gunia moja la mahindi avunja sheria ya nchi na ya Mungu pia.

La tatu: madhabahu iko wapi? Uliza kanisa kabla ya kuuliza chumba. Dodoma pana Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu. Dar es Salaam pana Mtakatifu Albano na mitaa mingine mingi ya Kianglikana. Arusha hali kadhalika. Mwombe kasisi wako barua ya utambulisho, uchukue na cheti chako cha kipaimara. Jumapili ya kwanza mjini ndiyo kubwa kuliko zote, kwa maana asiyekwenda siku ile huona ni rahisi kutokwenda ya pili.

La nne: waliobaki nitawaachaje? Shamba la mama litalimwa na nani? Kuondoka hakumfungui mtu na amri ya tano. Fedha kidogo kila mwezi, na sauti yako kwenye simu Jumapili jioni, ni sehemu ya ibada yako.

NENO KWA WAZAZI

Tumtazame sasa Abramu. Alimwachia kijana achague, naye alipochagua vibaya hakumlaani. Kisha siku ikafika Lutu alipotekwa vitani pamoja na mali yake. Abramu alipopata habari alitoka na watu wake 318, akasafiri mbali, akamrudisha. Hatusomi kwamba alisema, "Si ulichagua mwenyewe?" Kijana wako akipiga simu kwamba ameibiwa, ameugua, au amefukuzwa kazi, usimwanzie na hesabu ya makosa yake. Mlete kwanza nyumbani, mlishe, ushauri utafuata.

Maana wako vijana wengi wanaoteseka mijini kwa sababu ya aibu tu. Wanaogopa kurudi mikono mitupu. Hao tunawakumbusha habari za John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Mwaka 1968 alikwenda hadi Jiji la Mexico kuikimbilia nchi yetu mbio ndefu za Olimpiki. Alianguka njiani, akaumia goti, akaendelea hali amefungwa bandeji, akaingia uwanjani wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, giza likiwa limeingia. Baadaye alirudi Mbulu, akalima. Dunia yote humtaja kwa heshima hadi leo, naye hakuleta medali nyumbani. Basi kijana aliyejaribu kwa uaminifu akashindwa, na arudi kichwa juu. Kanisa lake halitamwuliza ameleta nini.

UTAFUTIE MJI AMANI

Na wewe utakayekaa huko, Yeremia aliwaandikia watu wa Yuda waliokuwa ugenini Babeli, akawaagiza wajenge, wapande, waoe, na kuuombea mji ule, kwa kuwa amani yao imo katika amani yake. (Yeremia 29.) Usiishi mjini kama mtu anayengojea basi. Lipa kodi, mjue jirani yako, jiunge na kwaya, simama na wenye haki katika mtaa wako. Mji usio mwema huhitaji watu wema kuliko mji mwingine wowote. Lakini moyo wako usiufunge huko wala huku. Waraka kwa Waebrania wasema Abrahamu aliishi katika hema akiungojea mji ambao Mungu mwenyewe ndiye mjenzi wake.

Kwa ajili hiyo twaliomba kila kanisa katika mtaa wetu lifanye mambo matatu: liandike daftari la vijana walioondoka, na miji walikokwenda, liwaombee kwa majina Jumapili moja kila mwezi, na kila kijana anayeaga aletwe mbele ya ushirika, awekewe mikono na kubarikiwa, asiondoke kama mwizi usiku.

Tuombe:

Ee Mwenyezi Mungu, uliyemwita Abrahamu atoke kwao asijue aendako, uwaongoze vijana wetu wanaoziacha nyumba zao za Mbulu na Hanang. Uwape hekima ya kuchagua, kazi ya halali, marafiki wema na kiti katika nyumba yako. Uwafariji wazazi waliobaki, na wote watakaorudi wakute mlango wazi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.