Mwendo wa Kundi Upimwe na Nani?

Swali hili ni dogo kwa kulitazama, lakini ndani yake mna jambo la haki na jambo la mapendo. Watu wanaosafiri pamoja hawana nguvu sawa. Mmoja yuko mbele, mwingine yuko nyuma. Basi mwendo wa kundi upimwe na nani? Na mwenye nguvu, ama na yule anayechelewa? Tulichunguze kwa mfano wa vyama vya baisikeli vya Ubelgiji, kwa sababu huko swali hili linarudi kila Dominika.

Katika nchi ya Flanders miji na vijiji vingi vina chama chao cha baisikeli. Wanachama ni watu wa kazi mbalimbali: walimu, mafundi, wakulima, wazee waliokwisha kuacha kazi. Toka mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 11 majani ya miti yanageuka rangi na kuanguka. Mashindano makubwa ya mwaka yanakwisha, na watu wanapanda baisikeli kwa furaha ya kuwa pamoja tu. Jumamosi na Dominika asubuhi wanakutana, wanaondoka wawili wawili, na kuzunguka kilometa 50, 60 ama zaidi. Majira hayo ni magumu. Asubuhi kuna ukungu. Njia inateleza kwa majani yaliyolowa na kwa matope yanayoletwa na magari ya mavuno. Jua linatua mapema. Baridi inaingia vidoleni.

Sheria ya barabara ya Ubelgiji imeyatambua makundi haya. Watu 15 ama zaidi wanaweza kwenda wawili wawili katika njia ya magari. Wakipita 50, ni lazima wawe na makapiteni wa njia, ambao wana ruhusa ya kusimamisha magari katika njia panda ili kundi lote lipite. Tuangalie vizuri: mbele ya sheria, kundi ni kama kitu kimoja. Halikatwi katikati.

Lakini njia yenyewe inalikata. Tueleze namna gani.

Flanders ni nchi ya tambarare, na upepo wa bahari unavuma bila kizuizi. Anayetangulia anaupasua upepo kwa kifua chake. Anayemfuata karibu, gurudumu nyuma ya gurudumu, anaweza kuokoa kama theluthi moja ya nguvu zake. Sisi wa Kongo tunaiita baisikeli kinga, na jina hilo linafaa sana hapa, maana kila mmoja anakuwa kinga ya mwenzake. Ndiyo maana wanapokezana. Wa mbele akichoka, anajitenga kando, anarudi nyuma, na mwingine anashika nafasi yake. Hapo haki inaonekana wazi: nimekukinga, nawe unikinge.

Sasa wafike kwenye kilima. Katika mji wa Geraardsbergen kuna mwinuko maarufu wa mawe, na juu yake kanisa dogo la Bikira Maria. Mahali pengine njia inapanda karibu mita 20 kwa kila mita 100. Pale mwendo ni wa polepole, na kukaa nyuma ya mwenzako hakusaidii sana. Kila mmoja anainua uzito wake mwenyewe. Kundi linakatika vipande vipande. Wenye nguvu wanafika kwanza, na jasho linaanza kupoa mwilini mwao. Wangoje, ama waende zao?

Mwenye nguvu ana maneno yake, na si maneno mabaya. Anasema: "Nimefanya kazi juma zima. Nina asubuhi moja tu ya kupumzika. Nikisimama katika baridi hii nitaugua. Kwa nini nifungwe na udhaifu wa mwingine?" Yule wa nyuma naye ana maneno yake: "Mlinikaribisha niende pamoja nanyi. Mkiniacha katika ukungu, katika njia nisiyoijua, mlinikaribisha kwa nini?"

Kitabu cha Mwanzo kinatuletea habari inayofanana na hii. Yakobo alipopatana na ndugu yake Esau, Esau alitaka wasafiri pamoja. Yakobo alikuwa na watoto wadogo na wanyama wanaonyonyesha. Alimwambia kaka yake kwamba wakiharakishwa hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Basi yeye ataenda polepole, kwa mwendo wa wanyama na wa watoto. Yakobo hakuona haya kusema hivyo. Alijua kwamba mkubwa wa kundi akifika peke yake hajafikisha kundi. Amefikisha miguu yake tu.

Hapa ndipo tunapojibu. Anayekwenda peke yake, mwendo ni wake, wala hatendi kosa akikimbia. Lakini anayekubali kwenda na wenzake amekwisha kutoa ahadi, hata kama hakuisema kwa mdomo. Mwendo wa kundi upimwe na yule wa mwisho. Nguvu za mwenye nguvu hazipotei kwa hiyo. Zinapata kazi. Aende mbele katika upepo muda mrefu kuliko wengine. Arudi nyuma kumchukua aliyebaki. Akitaka kukimbia kweli, juma lina siku nyingine.

Je, aliye dhaifu hana wajibu wowote? Anao, na ni mkubwa. Mtakatifu Paulo, katika mlango wa 6 wa barua kwa Wagalatia, anatuamuru kwanza tubebeane mizigo. Kisha, baada ya maneno machache tu, anasema kwamba kila mtu ataubeba mzigo wake mwenyewe. Wengine wanadhani anajipinga. Hajipingi. Kuna mzigo unaopita nguvu za mtu, na huo ni wa wote. Kuna mzigo ulio saizi ya mgongo wake, na huo ni wake. Vyama vingi vinagawa watu katika makundi kwa mwendo wao, kwa mfano kilometa 22 kwa saa, ama 25, ama 28. Mtu achague kwa ukweli, asidanganywe na majivuno. Aje na pompi, na taa, na matairi mazima. Aje amekula. Anayekuja bila kitu na kutegemea mifuko ya wenzake anawafanya wabebe mzigo ulio wake.

Lakini tatizo kubwa liko hapa. Asiyeweza na asiyetaka wanafanana. Wote wawili wanakaa nyuma, wote wawili hawashiki zamu ya upepo. Jicho letu halioni tofauti. Katika likelemba tunayajua mambo hayo: mmoja hakutoa fedha zake mwezi huu. Je, ana mgonjwa nyumbani, ama anatucheza? Katika shirika la parokia pia: huyu hafiki kwenye kazi za pamoja. Tumhukumu namna gani?

Sisi tunasema: kundi na lingoje, dhamiri na ihukumu. Tukimngoja mvivu kwa kudhani amechoka, tumepoteza dakika kumi. Tukimwacha aliyechoka kwa kudhani ni mvivu, pengine tumempoteza ndugu. Makosa haya mawili hayana uzito sawa. Wazee wa kundi wanaweza kumwonya mvivu kwa faragha, na inafaa wamwonye. Lakini aliye nyuma ajiulize yeye mwenyewe mbele ya Mungu: siwezi, ama sitaki? Swali hilo hakuna anayeweza kulijibu badala yake.

Wapanda baisikeli wana msimamizi wao mbinguni. Tarehe 13 mwezi wa 10, mwaka 1949, Papa Pio XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo kuwa msimamizi wao. Kanisa lake liko juu ya kilima karibu na ziwa la Como, Italia. Ndani yake zinatunzwa baisikeli za mashujaa, na moja kati yake iliharibika. Ni ya Fabio Casartelli, kijana wa sehemu hizo, aliyeshinda katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Tarehe 18 mwezi wa 7, mwaka 1995, katika mashindano ya kuzunguka Ufaransa, alianguka kwenye mteremko wa Portet d'Aspet akafa. Siku iliyofuata hakuna aliyeshindana. Watu wenye nguvu kuliko wote duniani walikwenda polepole pamoja, saa nyingi, na mwishoni wakawaacha wenzake wa kikosi chake watangulie kufika. Siku ile waliupima mwendo wao kwa yule asiyeweza tena kuja.

Tuseme pia neno juu ya Dominika yenyewe, maana safari hizi zinafanyika siku ya Bwana. Mkristu asiweke baisikeli mahali pa Misa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakubali Misa ya jioni ya siku iliyotangulia, basi udhuru ni mdogo. Tena, tusome kitabu cha Kutoka: Mungu alipoamuru siku ya mapumziko alitaja ng'ombe na punda, mtoto wa mjakazi na mgeni, ili nao wapate kupumua. Siku hiyo tangu mwanzo ni siku ya kungojana.

Basi, ndugu, leo jioni tutazame nyuma yetu. Nyumbani, katika kwaya, katika likelemba, katika safari ya soko na mizigo ya makala juu ya kinga: ni nani amebaki chini ya kilima? Tumngoje. Na kama ni sisi tuliobaki, tukanyage kwa nguvu zote tulizo nazo, ili wanaotungoja wasingoje bure.