Wa Kumi Kutoka Zizini

Wayahudi wana mianzo minne ya mwaka. Mishna, mkusanyiko wa sheria uliotungwa yapata mwaka 200, unaitaja yote: wa wafalme, wa miaka, wa miti na wa mifugo. Huu wa mifugo, tarehe 1 ya mwezi wa Eluli, hata Wayahudi wengi hawaufahamu. Ilifungua mwaka mpya wa hesabu. Wanyama waliozaliwa mwaka ule waliingizwa zizini, mlango ukabanwa wasipite wawili kwa pamoja, na mama zao wakawekwa nje ili kilio chao kiwavute wana. Mwenye mali akahesabu kwa fimbo. Wa kumi akapakwa rangi nyekundu: huyu ni zaka. Awe amenona au ni kilema, hakuna kubadilisha.

Sisi tunaojua kuwa katika zaka ya Kiislamu mbuzi 40 wanadaiwa mmoja hatushangai sana.

Lakini hakuna zizi Dubai Silicon Oasis, mtaa wa kampuni za teknolojia pembezoni mwa jiji; mbuzi hufika kwa kilo. Wanyama wa kufugwa ni paka na mbwa wa ghorofani, nao kwa kanuni za Dubai hutiwa chipu: kidude kama punje ya mchele, kinachodungwa chini ya ngozi kati ya mabega. Daktari akipitisha mashine, zinatokea tarakimu 15, na kupitia hizo anajulikana mwenyewe.

Ni jambo jema. Paka aliyepotea hurudishwa. Lakini rangi nyekundu ilisema kinyume. Ilimwambia mwenye zizi kwamba huyu si wako, wala si wewe uliyemchagua, ni foleni tu. Basi wale tisa waliobaki ni wako kwa kiasi gani? Kwangu, hapo ndipo penye uzito wa siku hii. Chipu inathibitisha umiliki, haidai kitu. Mkataba wa kazi ukiisha, bwana akapanda ndege, haimzuii kumwacha paka jaani.

Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa mwaka 70, na zaka hiyo ikakoma. Tangu 2009 Wayahudi kadhaa wa Marekani wameifufua siku yenyewe, safari hii wakijiuliza wanyama wanatudai nini. Jibu moja limo kwenye Talmudi, ufafanuzi wa Mishna: usile kabla hujamlisha mnyama wako.

Mwaka 2026 siku hiyo ni Ijumaa, 14 Agosti, joto la Dubai likiwa kali. Mwenye paka, bakuli lake la maji litangulie chai yako.